Kutwa na freti: siku moja kwenye kibanda changu Ngamiani

Saa mbili kasoro nafungua kibanda. Mezani kuna gitaa kavu la kwaya; nyuzi zimeshika kutu, freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zimeota ukijani. Hapa Tanga hewa ya bahari haina huruma. Freti nyingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na shaba ikikutana na jasho lenye chumvi hugeuka kijani.

Nalegeza nyuzi zote taratibu ndipo nazitoa. Ubao wa shingo, pale vidole vinapobana nyuzi, ni wa mti wa rosewood, haukupakwa vanishi. Ukiuelekeza kwenye mwanga, unaona ubavuni mwa kila freti utando mweusi wa jasho na mafuta ya vidole. Naanza na mswaki mkavu. Penye ugumu nakwangua kwa kadi kuukuu ya simu. Kuumwagia maji, hapana! Mbao hunywa, huvimba, na freti hung'oka.

Saa nne nabandika tepu ya karatasi kati ya freti na freti, kibaki chuma kitupu. Natumia pamba ya chuma ya sifuri nne, laini kabisa. Stili waya ya sufuria huacha mikwaruzo, na mkwaruzo kwenye freti unausikia kila unapovuta uzi. Nasugua mpaka kidole kiteleze.

Adhuhuri, swala na wali.

Saa nane anaingia kijana na gitaa la umeme na chupa ya mafuta ya nazi.
"Shikamoo fundi. Nataka uupake ubao."
"Marahaba mwanangu. Huu wa mti wa maple una vanishi, mafuta hayapenyi. Na ya nazi yatachacha. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu."
Namsisitizia pia: siku ya kusugua freti azibe pikapu, kile kinasa sauti chenye sumaku chini ya nyuzi, kwa tepu, sumaku isidake unga wa chuma.

Saa kumi narudi kwenye rosewood. Matone machache ya mafuta ya ubao wa gitaa, kwenye kitambaa, nasubiri kidogo, nafuta yote. Kahawia iliyopauka inakolea mbele ya macho yangu. Mara moja au mbili kwa mwaka yatosha. Ubao wa mpingo, mti wetu wenyewe, hudai mafuta pungufu ya hapo.

Navalisha nyuzi mpya, natyuni. Freti ya saba inakoroma. Nalaza rula fupi juu ya freti tatu, inabembea: ya nane imenyanyuka, na hiyo usafi hauitibu. Nampigia mwalimu wa kwaya kumwambia gitaa litalala hapa, kesho niigonge irudi chini.