Mwizi wa kanga

Leo kikao cha tano cha msaada kwa walezi, bado vitatu tu, na kusema kweli mwanzo nilikuwa simtaki kabisa huyu binti wa saikolojia aje nyumbani kwangu. Nilimwambia mgonjwa ni mama, ana demensia, maradhi ya kusahau na kuchanganyikiwa, sio mie. Akanijibu "najua, ndo maana nimekuja kwako".

Mpango wenyewe unaitwa START, vikao 8 vya mlezi peke yake, na kila tukimaliza ananifundisha kupumua taratibu mpaka mabega yashuke. Yeye sio daktari, kasoma saikolojia chuo na ana msimamizi wake, hilo lilinitia wasiwasi mpaka nikasoma kwamba ndivyo walivyoujaribu huku huku London na Essex kwa walezi 260, majibu yakatoka 2013, na hata baada ya miaka 2 waliopata vikao walikuwa na sonona na wasiwasi kidogo kuliko wenzao. Demensia ya mama iko palepale, hilo hakunificha.

Kazi aliyonipa ni daftari. Kabla ya fujo kulikuwa na nini, mama kafanya nini, mie nikajibu vipi. Wiki mbili naandika huku nalia maana kila jioni mama anapiga kelele kuna mwizi wa kanga zake, mie nabishana naye, hakuna mtu mama, kanga ziko kabatini, mpaka sote sauti zinakauka. Leo tumelisoma pamoja na karibu kila ukurasa ni saa kumi jioni, kiza cha Desemba kimeshaingia, taa nimewasha, mapazia bado, na mama kakaa kiti chake cha dirishani.

Jamani. Anajiona kwenye kioo cha dirisha. Anaona bibi kizee asiyemjua kavaa kanga yake!! Na mie miezi yote hii namwambia hakuna mtu.

Nyuma ya daftari nilikuwa nimeandika "mtoto mwema hachoki na mamake". Binti akauliza, mdogo wako wa Makunduchi akikwambia kachoka utamjibu hivyo? Sikuweza kujibu. Ningemwambia pole mdogo wangu, kalale, nitakaa naye mie.

Leo nimefunga mapazia saa tisa na nusu. Maghribi imeingia, mama anakunja kanga zake, anazikunjua, anazikunja tena, kimya. Kaka nimeshampigia, Jumamosi atakuja kukaa naye na mie nitalala.