Umerudi Nairobi, sasa unamtafuta babu

Sisi tuliorudi baada ya miaka mingi ughaibuni tuna haraka ya kukimbilia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Usianzie hapo. Faili zimepangwa kwa ofisi na wilaya, si kwa jina la mtu; usipojua mwaka na wilaya utashinda ukipekua bure.

Anza na nyanya aliye hai. Usimuulize babu alizaliwa lini, maana uandikishaji wa uzazi wa Waafrika ulianza 1963 na kuenea wilaya baada ya wilaya hadi 1971. Tarehe 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ni makisio ya karani. Uliza alikuwa mkubwa kiasi gani njaa ya 1898–1900 ilipopiga (Wakikuyu waliiita Ruraya, Wakamba Ngomanisye), au homa ya 1918. Aliyebebwa mgongoni wakati wa Ruraya alikuwa na miaka kama 18 mwaka 1917, serikali ilipokusanya wapagazi wa vita kwa nguvu. Hao ndio walioiachia mtaa wa Kariokor, Nairobi, jina lake: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Baada ya vita kikaja kipande, kitambulisho cha kazi cha wanaume Waafrika, kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara, tarehe za kuanza na kuacha kazi. Kikipatikana sandukuni, kipige picha kabla ya kukikunjua, kwani karatasi hukatikia kwenye mikunjo.

Sasa nenda Nyaraka, ukiwa na majina ya zamani. Murang'a iko chini ya Fort Hall, alama DC/FH. Kiambu ni DC/KBU. Kisumu ilikuwa upande wa Uganda hadi 1902.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni la majina. Kwa Wakikuyu kifungua mimba wa kiume huitwa jina la baba ya babake, hivyo ndugu wanne wanaweza kuwa na watoto wanne wenye jina moja. Watenganishe kwa mbari na kwa chifu, kamwe si kwa jina tu.

Kazi ya Nairobi ikikatika ghafla Aprili 1954, kumbuka Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau jijini, ilianza tarehe 24. Hapo wazee wengi hunyamaza. Usiulize nani alikula kiapo. Uliza familia ilihamishiwa kijiji gani na nani alibaki kulima.