Jasho kwenye nguo za kupandia farasi: mie huku Muscat nafanya hivi

Kama hujapanda farasi Muscat mwezi wa sita basi jasho hujalijua. Saa kumi na moja na nusu alfajiri jua ndo kwanza limechomoza, joto lishapita nyuzi 30, hewa ya baharini imejaa unyevu hata pumzi inakuwa nzito, unazunguka uwanjani nusu saa tu kwa mwendo wa troti, yaani farasi anakimbia polepole, na ukishuka suruali imelowa makalioni, mapaja ya ndani, nyuma ya magoti na kiunoni, na shati limegandia mgongoni. Na mchana ikifika nyuzi 40 ndo hapafai kabisa. Hata sheria ya kazi ya Oman inakataza watu kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, mwezi wa sita hadi wa nane, kwa hiyo sisi tunapanda alfajiri au baada ya magharibi taa zikiwashwa.

Mie nimezaliwa Unguja, huku nimekuja mtu mzima na farasi nimejifunzia hukuhuku, zizi letu liko upande wa Seeb si mbali na bahari. Pale zizini wapo wanaume, wapo watoto, wapo wazazi wanaosubiri watoto wao, na mtu ukishuka farasi umelowa nyuma vile unatafuta pa kujificha. Najua wadada walioacha kupanda kwa sababu hiyo tu, na inaniuma, manake walikuwa wanapanda vizuri. Ndo nikaamua kulishughulikia jambo hili mpaka nilielewe.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba joto peke yake silo linalotuumbua, ni fukuto. Nimewahi kupanda kule Nizwa ndani bara, joto kali kuliko la pwani lakini hewa kavu, jasho linatoka na kukauka palepale, shati halilowi sana ila ukirudi nyumbani unakuta mistari myeupe ya chumvi. Huku pwani jasho halipati pa kwenda, hewa yenyewe ishashiba maji, kwa hiyo linabaki kwenye nguo. Ndo maana ushauri wa watu wa nchi kavu mara nyingi haufai kwetu, wao wanapambana na chumvi sisi tunapambana na maji. Wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja nyie fuateni ya pwani.

Rangi sasa. Suruali nyingi za kupandia utakazokuta dukani ni kijivu cha kati, rangi ya mchanga, buluu ya mbingu na kijani mpauko, na hizo zote ndo zinaonesha jasho kuliko rangi nyingine yoyote. Kitambaa kikikauka kina hewa katikati ya nyuzi zake, mwanga ukikigonga unatawanyika na kurudi machoni, lakini maji yakishaingia pale penye hewa mwanga unazama badala ya kurudi, ndo unaona pale palipolowa pamekuwa peusi zaidi. Nyeusi haina tena pa kuzidi weusi, na buluu iliyoiva vilevile, kwa hiyo suruali zangu za mazoezi zote ni nyeusi au buluu iliyoiva au kahawia nzito. Juu sivai nyeusi kwa sababu jua likipanda inachoma, navaa shati la rangi nyepesi lenye maua madogomadogo au vidoa, manake jicho haliwezi kutofautisha doa la maji na doa la nakshi.

Halafu kitambaa chenyewe, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanasema tu "vaa pamba, pamba ni baridi". Pamba ni nzuri ukiwa umekaa barazani. Juu ya farasi pamba inanyonya jasho na kulishika, inakuwa nzito, inachelewa kukauka na inachubua. Ninachotafuta mie ni poliesta au nailoni nyembamba iliyofumwa kwa ajili ya michezo, yenye spandeksi kidogo, ule uzi unaovutika. Lakini lebo peke yake haitoshi, zipo poliesta mbovu zinazolifungia joto ndani. Kwa hiyo nikienda dukani nakuwa na chupa yangu ya maji, namuomba mwenye duka ruhusa, nachovya kidole na kugusa upande wa ndani wa nguo, sehemu isiyoonekana, kisha naangalia. Tone likibaki dogo palepale, jeusi, limekaa tu, naiacha nguo. Likitanuka upesi likawa pana na jembamba na nikigeuza upande wa nje naona linaanza kufifia, hiyo ndo yenyewe, jasho lako litafanya vilevile, litasambaa na kukauka badala ya kujikusanya sehemu moja. Sijaona kipimo kizuri kuliko hicho na hakina gharama.

Suruali zenye silikoni makalioni, yaani ule utando kama mpira unaonata, nazo ziangalieni. Zinakushika vizuri kwenye tandiko, sikatai, na anayejifunza kuruka anazipenda, lakini ile silikoni haipitishi hewa na chini yake pana tandiko la ngozi na chini ya tandiko pana farasi naye anafuka moto. Wakati wa kiangazi navaa zenye silikoni magotini tu. Na ndani yake navaa taiti fupi nyembamba isiyo na mshono katikati, inayofika nusu paja. Mtu ataona ajabu, joto lote hili unaongeza nguo? Ndiyo, kwa sababu jasho la kwanza linapokelewa na ile taiti na kusambazwa kabla halijafika suruali ya nje, na inazuia kuchubuka mapajani. Kati ya yote niliyofanya hili ndo lililoleta tofauti ya kuonekana siku hiyohiyo.

Na si jasho lako tu. Farasi ni katika wanyama wachache wanaotoa jasho jingi mwili mzima, akifanya kazi ngumu kwenye joto anaweza kutoa lita 10 mpaka 15 kwa saa, na ndani ya jasho lake mna protini inaitwa latherin inayolifanya litoe povu. Mmeona lile povu jeupe shingoni pale hatamu inaposugua, na katikati ya mapaja yake? Hilo likigusa suruali nyeusi linaacha michirizi myeupe na watu wanadhani ni wewe. Mie nampangusa farasi shingo na mbavu kwa taulo lenye unyevu kabla sijapanda na tukipumzika katikati. Vilevile tandiko jipya la kahawia au jeusi linachuja rangi likikutana na suruali yenye maji, sana kwenye rangi nyepesi, na rangi hiyo haitoki. Lipanguse kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisishike rangi tena ndo ulikalie na suruali yako nzuri.

Shati langu ni refu, mikono mirefu, linafika chini ya makalio na limepasuliwa pembeni zote mbili na nyuma pia. Ule mpasuo wa nyuma ndo siri, ukikaa shati linagawanyika linaangukia huku na huku ya tandiko, halikaliwi wala halinasi, na ukishuka linajifunga lenyewe linafunika pale palipolowa. Stara ishapatikana na hewa inapita. Usivae pana sana likapeperuka, farasi wengine wanashtuka.

Kichwani navaa hijabu ya michezo, nyembamba ya kuvaa kwa kuvuta, isiyo na pini wala fundo, na helmeti nilinunua nikiwa nimeivaa hiyohiyo. Msijaribu kuvaa mtandio wa kawaida uliokunjwakunjwa chini ya helmeti, helmeti haikai sawa na ukianguka haitakulinda inavyotakiwa. Jasho la kichwani linashuka machoni linawasha, kwa hiyo nina kitambaa chembamba cha paji la uso na cha pili mfukoni, nabadilisha tukipumzika.

Upande wa dawa, mama yangu mdogo akaniambia, "Mwanangu, tumia shabu, sisi tumekulia nayo." Na kweli shabu ninaitumia, nalowesha kipande napaka kwapani baada ya kuoga, harufu inaondoka kabisa, ila jasho lenyewe haipunguzi sana. Kinachopunguza ni ile roloni ya kuzuia jasho yenye aluminiam kloraidi, na kuna namna yake ya kutumia ambayo wengi hawaijui. Ipake usiku, kwenye ngozi kavu kabisa, kabla ya kulala. Usiku tezi za jasho zimetulia, dawa inapata nafasi ya kuingia kwenye vitundu na kuviziba kwa muda, ukiipaka asubuhi ushaanza kutoka jasho inaoshwa tu. Mie napaka kwapani na kidogo kiunoni kwa nyuma. Usipake siku uliyonyoa, itakuunguza. Mapajani sipaki dawa yoyote, naweka mafuta mazito kidogo pale panaposuguana, na poda situmii manake ikikutana na jasho inakuwa uji mweupe unaotokeza nje ya suruali nyeusi.

Jambo ambalo nikilisikia nakasirika ni mtu kuacha kunywa maji ili asitoke jasho. Nimewasikia wadada wakishauriana hivo, tena kwa nia njema. Tafadhalini msifanye. Jasho ndo linalokupoza, mtu akifanya mazoezi kwenye joto kupoteza lita moja kwa saa ni kawaida na usipoirudisha utashuka farasi umeshikwa na kizunguzungu. Mie nakunywa maji mapema kabla ya kutoka na tende chache, na nikimaliza nakunywa laban, mtindi mwepesi wa kunywa, yenye chumvi, kama uko kwenye madafu kunywa madafu. Na jueni kwamba mwili ukizoea joto, kama wiki moja mpaka mbili za kupanda kidogokidogo, utatoka jasho mapema zaidi na jingi zaidi, lakini chumvi yake inapungua. Hiyo ni dalili kuwa mwili umejifunza. Ukisikia baridi ghafla kwenye joto, vinyweleo vimesimama, kichefuchefu au kichwa kinagonga, shuka, kaa kivulini, mwagia maji shingoni na mikononi, na ukiona mwenzio anaongea maneno yasiyoeleweka mpelekeni hospitali haraka huku mnammwagia maji.

Kwenye mashindano huna hiari ya rangi, suruali nyeupe au ya rangi ya mchanga mpauko na koti juu. Nyeupe haioneshi doa sana ila ikilowa inakuwa kioo, kila kilicho ndani kinaonekana. Watu wanavaa chupi nyeupe wakidhani itajificha, haijifichi. Vaa taiti inayofanana na rangi ya ngozi yako wewe, kwa mie ni kahawia, ndo inapotea kabisa. Chagua suruali iliyowekwa kitambaa mara mbili mbele, na koti tafuta yale yenye wavu mgongoni. Siku ya joto kali majaji wanaweza kuruhusu watu wapande bila koti, kwa hiyo shati la ndani liwe la kuonekana mbele za watu, lenye kola na mikono. Mpaka zamu yangu ikaribie nakaa na kikoi kiunoni na koti limetundikwa kivulini, navaa farasi akishapashwa mwili.

Kufua: siachi nguo ilale na jasho. Naisuuza kwa maji baridi siku hiyohiyo, yenye mistari ya chumvi nailoweka kwenye maji yenye siki kidogo kama nusu saa, kisha sabuni ya kawaida. Dawa ya kulainisha nguo situmii kabisa, inaacha utando kwenye nyuzi na kile kitambaa chako kizuri kinaacha kusambaza jasho, ukirudia kile kipimo cha kidole utaona tone limekaa tu halitanuki. Jiki nayo inaua spandeksi, na yale madoa ya njano kwapani yanayoletwa na roloni inayazidisha badala ya kuyatoa. Naanika kivulini, ndani nje, na shati la pili lililokunjwa linakaa kwenye gari wakati wote, nikitoka zizini naenda zangu sokoni bila wasiwasi.