Ufunguo wa maabara

Mwaka 2008 nilikabidhiwa idara ya kompyuta ya chuo kikuu kidogo hapa Tanzania. Walimu tulikuwa watatu, maabara moja. Kompyuta 24, zote za msaada, na siku nilipozijaribu ziliwaka 9 tu. Nyingine zilishaliwa na virusi vya flashi, au diski zilikufa kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ufunguo alikuwa nao mtunza stoo. Ikifika saa tisa na nusu alasiri anafunga, anaondoka zake.

Niliomba fedha za kompyuta mpya nikaambiwa nisubiri bajeti. Nikasubiri mihula miwili, nikachoka.

Siku zile sidii za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, zilitumwa bure kwa posta, basi Linux haikuwa ngeni kwetu. Ndipo nikasoma habari za programu iitwayo LTSP: seva moja, yaani kompyuta kuu, inafanya kazi zote, na kompyuta ya mezani inaonyesha tu kioo na kupeleka unachobonyeza. Diski haihitaji kabisa. Yaani zile zilizokufa diski ndizo zilizonifaa! Nikapakua usiku, wakati hakuna wa kugombania naye intaneti ya dishi.

Kompyuta zile kuukuu hazikujua kuwaka kwa mtandao, ikabidi nitengeneze flopi ya Etherboot, programu ya kuiwasha kompyuta kupitia mtandao, kwa kila moja. Ya kwanza naikumbuka mpaka leo. Flopi inakoroma, nukta zinajipanga kwenye kioo cheusi, kimya kidogo, halafu kikatokea kisanduku cha kuandika jina. Mtunza stoo alikuwa amesimama mlangoni. “Mwalimu,” akasema, “hiyo si nimeshaiandika mbovu kwenye leja?”

Zikafika 22 zinazowaka. Wanafunzi wakafungua Firefox ya kuperuzi intaneti wote kwa mpigo, seva yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 ikakwama. Nikaenda Kariakoo kununua RAM nyingine kwa hela yangu. Risiti ninayo, hakuna aliyenirudishia.

Lakini maabara inayofungwa saa tisa na nusu ni chumba cha kuhifadhia kompyuta, basi. Nikachonga funguo tatu, nikawapa wanafunzi watatu wa mwaka wa pili pamoja na paswedi ya seva. Wenzangu idarani walisema nimerukwa na akili, na wiki ya tatu nilikaribia kukubaliana nao. Kijana mmoja, akisafisha akaunti za waliomaliza, alikosea amri moja akafuta kazi za darasa zima. Alikuja ofisini akitetemeka. “Shikamoo Mwalimu. Nimeharibu.”

Paswedi sikumnyang'anya. Nilimwambia aandike skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, ya kunakili kazi za wote kwenye diski ya pembeni kila saa 8 usiku, na hatolala mpaka anionyeshe ameweza kurudisha faili moja. Alimaliza alfajiri. Skripti ile ndiyo niliyofundishia somo la uendeshaji wa mifumo mwaka uliofuata, na aliyesimama mbele kuieleza alikuwa yeye. Tangu hapo maabara ilifungwa saa nne usiku, chini ya wanafunzi wenyewe. Mkonga wa SEACOM, kebo ya intaneti ya kasi ipitayo chini ya bahari, ulipofika nchini Julai 2009, tayari tulikuwa na vijana wa kuusubiri.

Zile kompyuta 13 tulizozifufua, mpaka naondoka pale, kwenye leja zilikuwa bado mbovu. Kuziandika nzima kulihitaji fomu ambayo stoo haikuwa nayo.