Njia ya kando ya Naili hapa Jinja ipimwe kwa baiskeli ya matoke

Nimerudi Jinja, Uganda, na kukuta mengi yaliyofanyika nikiwa mbali: daraja jipya la Naili lililofunguliwa Oktoba 2018, na mji wetu kupandishwa kuwa jiji Julai 2020. Nilichokitafuta nikakikosa ni njia moja isiyokatika ya kufuata mto, ya waendao kwa miguu na wa baiskeli pamoja. Watu wanaizungumzia, na karibu wote wanaanzia kwa mtalii. Ndugu zangu, tuanzie kwa kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya matoke, na kwa mama mwenye jerikeni mbili za lita 20. Njia ikiwafaa hao, mtalii naye atapita. Ikijengwa kwa ajili ya mtalii peke yake, wao wataendelea kukata katikati ya mashamba ya watu.

Baiskeli iliyofungwa mikungu pande zote mbili hufika upana wa karibu mita 1.2. Zikikutana mbili, na mtoto wa shule akawa pembeni, njia ya mita 2 imejaa. Marekani njia za namna hii hupewa mita 3, pamoja na sentimita 60 kila upande zisizo na mti wala nguzo. Nisingekubali chini ya hapo.

Kisha litakuja ombi la vigingi vya kuzuia boda boda. Usukani wa pikipiki ni kama sentimita 80. Mwanya wa kuizuia lazima uwe mdogo kuliko hapo, na mwanya huo haupitishi baiskeli yenye mzigo, wala kiti cha magurudumu hakipiti vizuri. Mwenye boda, yeye, atazunguka kigingi kwenye majani. Basi vigingi viachane mita 1.5, kazi yake iwe kuzuia magari tu. Boda zinazuiwa kwa kukaa na wenyeviti wa steji kabla jembe halijagusa ardhi, na kwa sheria ndogo ya jiji yenye faini. Zaidi ya yote, uliza kwa nini boda apite mtoni. Mara nyingi ni kwa sababu barabara ya juu ina mashimo. Fukia mashimo hayo kwanza.

Kuhusu ardhi, kanuni za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito zinatenga mita 100 kutoka alama ya juu kabisa ya maji kwa mito mikubwa iliyotajwa, Naili ukiwemo, na mita 30 kwa mito mingine. Wengi hudhani ukanda huo ni wa serikali na mtu yeyote anaweza kuchimba. Sivyo: kanuni zinabana matumizi, hazifuti hati ya mwenye shamba. Kila mwenye kipande asaini makubaliano ya kupitisha njia, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, yakiwa na mchoro wenye vipimo. Mihogo na miwa ihesabiwe na kupigwa picha siku moja, itangazwe kwamba kitakachopandwa baada ya siku hiyo hakilipwi. Bila tarehe hiyo, wiki mbili baadaye utakuta miche mipya kila mahali, na fedha za moramu, ule udongo wa changarawe wa kutandika njia, zitaishia kwenye fidia.

Alama ya juu ya maji nayo si moja. Upande wa juu wa bwawa la Nalubaale, maji ni ya Ziwa Viktoria, na Mei 2020 ziwa lilipanda hadi viwango vya mafuriko ya 1964. Chini yake, mpaka bwawa la Bujagali lililoanza kazi 2012, maji hupanda na kushuka kwa jinsi mitambo inavyoendeshwa. Anayepima Januari akaweka njia pale anapoona nyasi kavu, ataipoteza. Wazee wa uvuvi wakuonyeshe maji ya 2020 yalifika wapi, kisha ipandishe njia walau mita 1 juu ya hapo.

Kilomita moja yenye upana wa mita 3 na moramu ya sentimita 15 iliyoshindiliwa ni mita za ujazo 450. Ikiwa bado imelegea ni karibu 600, yaani safari 60 za lori la mita za ujazo 10. Ondoa kwanza udongo mweusi wenye mizizi. Moramu imwagwe ikiwa na unyevu: ifinye kiganjani, ikishikana bila kutoa maji ipo tayari, ikivunjika kama unga, nyunyiza. Njia iwe na mgongo katikati ili maji yasitulie. Panapozidi mteremko wa asilimia 5, moramu itachukuliwa na mvua ya kwanza kubwa, kwa hiyo hapo tandika mawe au zege, na toa mifereji ya pembeni kila mita 20.

Kinachoua njia hizi ni kalvati ndogo, yaani bomba jembamba la kupitisha maji chini ya njia. Bomba la milimita 300 ni rahisi kununua, ila chupa za plastiki na majani ya miwa huliziba, maji yanapita juu na kukata njia vipande viwili. Weka milimita 600, na ukuta wa mawe pande zote mbili za mdomo wake.

Ukingo wenyewe upandwe nyasi za vetiva, zenye mizizi ya kushika udongo, na mianzi. Mafunjo yaliyopo yaachwe. Mikaratusi hapana. Mahali ambapo akina mama huteka maji pasifungwe: jenga ngazi za zege na jukwaa la kuinamia, ili wasisimame majini penye konokono wa kichocho. Reli za chuma huishia kwa wauza vyuma chakavu, hivyo tumia nguzo za zege. Taa za sola ziwekwe betri juu ya nguzo, ndani ya kizimba kilichochomelewa.

Kila kilomita iwe na mtu wake wa kufyeka na kuzibua, anayeishi jirani na analipwa kila mwezi, na mshahara wake uingie kwenye bajeti ya jiji kabla ya lori la kwanza. Udongo uchimbwe Desemba hadi Februari. Maana yake vipimo na saini za wenye mashamba viwe vimekamilika kufikia Novemba, mvua zikiwa bado zinanyesha.