Tano ilibaki kwa wenyewe

Mtayarishaji wa redio aliponipa saa moja ya Jumamosi usiku niwazungumzie Jackson 5, kundi la ndugu watano wa Marekani, alinipa na nasaha inayoniudhi hadi leo: "Piga zile nne zilizovuma, simulia baba yao alivyowachapa kwa mkanda, umemaliza." Sikumsikiliza. Mjomba wangu alikuwa baharia, na kutoka Uingereza alirudi Mombasa na sahani zao ndogo mbili. Sababu ya kupanda na kushuka kwao imeandikwa kwenye karatasi ya duara iliyo katikati ya sahani hizo.

Ya kwanza ni "ABC" ya 1970, karatasi nyeusi ya kampuni ya santuri ya Tamla Motown, yenye maandishi ya rangi ya fedha. Waimbaji: Jackson 5. Watunzi: The Corporation, yaani kundi la watunzi wa kampuni, mwanzilishi wake Berry Gordy mwenyewe akiwemo. Ya pili ni ya kampuni nyingine, Epic, "Shake Your Body". Waimbaji: The Jacksons. Watunzi: Randy na Michael Jackson. Utotoni nilimuuliza mjomba ile tano imekwenda wapi. Akanijibu, "Imebaki kwa wenyewe." Nilikijenga kipindi juu ya jibu hilo.

Lakini "ABC" ilikuwa imepinda kama kigae, na nilitaka isikike kutoka sahani ile ile. Fundi mmoja wa redio akaniambia niianike juani juu ya bati, dakika kumi tu. Ole wangu! Dakika ya tano nilichungulia, ukingo umeshaanza kufanya mawimbi kama chapati inayofura kikaangoni. Niliinyakua, nikakaa nayo mapajani, roho inaniuma. Mtu asikudanganye: santuri na jua ni maadui.

Kilichoniokoa ni vioo viwili vya dirisha, shilingi mia tatu hivi kwa muuza vioo. Niliilaza katikati, karatasi laini juu na chini, nikaweka mtungi wa gesi uliojaa, nikaiacha chumbani kwa joto letu la Januari. Wiki mbili na ushei. Ilipotoka bado ilikuwa na kiwimbi kimoja, na sindano ikaruka. Nikabandika sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano. Ikatulia, ikaimba mwanzo hadi mwisho, nikapiga kelele nyumba nzima ikaja.

Hewani nilianza na pesa. Motown ilizaliwa Detroit 1959 kwa dola 800 ambazo Gordy alikopa kwenye mfuko wa familia yao, chama kama hivi vyetu. Kwa hiyo hapa kuna familia mbili. Ya Joe Jackson, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, ilileta watoto na sauti. Ya Gordy ilikuwa na studio, watunzi na mikataba. Nyimbo zao nne za kwanza Motown zote zilishika namba moja Marekani. Ila vijana walikuwa wakilipwa mrabaha wa chini ya asilimia 3, na walipotaka kutunga nyimbo zao wenyewe, wakakataliwa.

Desemba 1973 Jermaine, mmoja wa wale watano, alimwoa Hazel, binti yake Gordy. Mwaka 1975 ndugu zake walipohamia Epic, yeye akabaki kwa mkwewe, na Randy, mdogo wao, akaingia nafasi yake. Motown ikawashtaki, na jina Jackson 5 likabaki mikononi mwa kampuni. Hapo nikanyamaza sekunde kadhaa, nikaweka sahani ya pili.

Motown nayo haikusalimika. Ilishahamia Los Angeles 1972, wakongwe wake wakaondoka mmoja mmoja, na 1988 Gordy akaiuza kwa dola milioni 61. Nyingi kwa mtu aliyeanza na 800, lakini nyumba ile ya familia ikawa ya wengine.

Mkanda wa baba niliutaja kwa sentensi moja, kwa sababu Michael mwenyewe aliusema hadharani.

Nilipofika nyumbani, mjomba alikuwa hajalala, redio bado iko wazi. Akaniomba zile sahani, akazisogeza kwenye taa, akasoma yale majina kwa sauti, yote, hadi ya watunzi. Kisha akaniuliza ile sarafu niliibandika kwa gundi gani.