Nilivyoihamisha ngoma kutoka fungu la burudani

Ukichelewa kikao cha idara robo saa, unatoka na cheo. Mimi nilikwama kwenye daladala, nikaingia wenzangu wako kwenye yatokanayo, nikakuta jina langu limeshaandikwa kwenye muhtasari: mratibu wa maonesho. "Hongera, dada," mkuu wa idara akaniambia, "wewe bado una nguvu." Nilikuwa mhadhiri msaidizi wa mwaka wa pili, nafundisha ngoma na miondoko kwenye chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Cheo hakikuwa na posho. Kilikuwa na ufunguo wa stoo.

Nikaenda kufungua. Ngoma kumi na moja, zinazolia nne. Nyingine ngozi zimepasuka, mbili zimetafunwa na panya pembeni, na moja, ile kubwa, mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa ameifanya kigoda. Muhula ule nilikuwa na wanafunzi arobaini na watatu. Waliobaki walikuwa wanapiga madawati.

Niliambiwa tatizo ni fedha, kwamba kila mwaka tunaomba ngoma na kila mwaka zinakatwa. Sikuwahi kuona zinavyokatwa mpaka nilipohudhuria kikao cha bajeti cha ndaki, yaani kitivo kikubwa chenye idara kadhaa, yetu ikiwemo. Tulifika ukurasa wa tatu wa rasimu, nikaona ngoma zetu zimekaa chini ya fungu lililoitwa "Burudani, hafla na mapambo", katikati ya maua ya mahafali na kukodi maturubai. Ukomo wa bajeti ulikuwa umeshuka. Mhasibu akasoma jina la fungu, akapiga mstari, akaendelea na ukurasa wa nne. Wala sikumlaumu. Nani atatetea maturubai wakati choo cha wanafunzi hakina maji?

Niseme hapa jambo ambalo huwa linanichekesha kwa uchungu. Kwenye kila hafla ya chuo, mgeni rasmi hukumbusha alichosema Mwalimu Nyerere Desemba 1962 alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni, kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Watu hupiga makofi. Kisha roho yenyewe inaandikwa karibu na maua.

Nilitaka kujua nani aliiweka pale. Hakuna aliyejua. Bajeti yetu, kama za ofisi nyingi, inanakiliwa kutoka ya mwaka jana, na ya mwaka jana ilinakiliwa kutoka ya juzi. Niliomba majalada ya zamani kwa katibu muhtasi, nikakaa nayo mchana mzima na chupa ya maji, vumbi likanipiga chafya. Nikaikuta. Miaka kumi nyuma, kulikuwa na ugeni mkubwa, idara ikaombwa ngoma za kumpokea mgeni, na kwa kuwa ilikuwa hafla, ikaandikwa kwenye hafla. Mgeni akaja, akaondoka. Ngoma zikabaki kwenye lile fungu.

Kwa hiyo nikaandika dokezo la kuomba zihamishwe. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili, nimetaja urithi, mababu, utambulisho, na nadhani hata machozi yalikuwemo. Kabla sijaipeleka kwa amidi nilimwonesha mhasibu yuleyule. Akaisoma yote, kwa heshima, kisha akaniambia: "Mwalimu, hii ni hotuba. Niambie ni kozi ipi, wanafunzi wangapi, na kisipokuwepo kinakwama nini."

Rasimu ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Kozi mbili, namba zake hizi. Wanafunzi arobaini na watatu kwa ngoma nne. Mtihani wa vitendo ni asilimia sitini ya alama. Ngozi ya ngoma hupasuka kwa matumizi kama chupa za maabara zinavyovunjika, na idara ya kemia haiandiki chupa zake kwenye mapambo. Sikuomba hata shilingi moja ya nyongeza. Niliomba mstari uhame kwenda "Vifaa vya kufundishia". Kikao kilichofuata kilipitisha kwa muda usiozidi dakika tano, kati ya ajenda ya viyoyozi na ile ya maegesho ya magari. Nilikuwa nimejiandaa kupigana, nikabaki na maneno mdomoni.

Nikadhani kazi imekwisha. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Huo ulikuwa mwaka 2023, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, NeST, ndio unaingia, na kila mtu ofisini alikuwa anaushika kama mtu anayeshika nyoka wa kuchezea, hana uhakika kama ni wa kuchezea. Nikaambiwa nilete maelezo ya ninachotaka. Nikaandika: "Ngoma za asili, saizi ya kati, sita." Mzabuni aliyeshinda kazi yake ya kawaida ilikuwa viti, mapazia na vifaa vya ofisi. Baada ya wiki tatu akashusha ngoma sita zinazong'aa kwa vanishi, zimechorwa twiga na mlima Kilimanjaro, zile za kuweka sebuleni.

Kamati ya mapokezi ikakaa. Mimi nikasema hizi si ngoma. Ofisa ugavi, mama mmoja wa makamo ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa namwona kama ukuta, akanisomea maelezo yangu mwenyewe kwa sauti. Ni za asili? Ndiyo, mti na ngozi. Saizi ya kati? Ndiyo. Ziko sita? Ziko sita. "Mwalimu, wapi uliandika kwamba zilie?"

Sikuwa nimeandika. Kilichotuokoa ni mwanafunzi wangu mmoja aliyeombwa aijaribu moja pale pale. Hakufikisha dakika mbili. Ngozi ilikuwa imegandishwa kwa gundi, ikabanduka ikamfuata kiganjani. Kamati ikaandika kwamba kifaa hakihimili matumizi yaliyokusudiwa, mzabuni akabeba twiga zake, na kwa haki niseme hakuwa ametudanganya. Alileta tulichoomba.

Nilimfuata yule mama ofisini kwake nikiwa nimenywea. Nikamwambia ngoma ninazozitaka ni za muheme, na wanaozitengeneza vizuri wako Ugogo, vijijini, hawana ofisi wala muhuri. Nilitegemea aniambie haiwezekani. Akavua miwani. "Hao ni wazee na akina mama?" Nikasema ndiyo. "Sasa mbona unahangaika? Sheria inatutaka tutenge asilimia thelathini ya manunuzi kwa makundi maalumu. Wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu. Kila mwaka natafuta wa kumpa, naishia kwenye sare na chakula."

Mwaka mzima nilikuwa nazunguka mlango ambao mwenye ufunguo wake alikuwa anatafuta mtu wa kuufungulia.

Nikapanda basi la alfajiri kwenda Dodoma, kisha Chamwino, kisha bodaboda. Asiyejua muheme, nimweleze kidogo. Ni ngoma ya Wagogo, na wapigaji wake ni wanawake. Ngoma zenyewe zina kiuno, zimebonyea katikati. Mpigaji husimama, akaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono mitupu. Kila moja ina kazi yake: kuna inayoshika mwendo, kuna inayojibu, kuna inayoongoza na kuvuruga kwa makusudi. Huwezi kununua sita za saizi moja. Hilo nilikuwa nalijua darasani, lakini kwenye karatasi ya manunuzi nilikuwa nimeandika "saizi ya kati".

Kikundi nilichokwenda kukiona kilikuwa cha akina mama kumi na wawili na fundi mmoja, mzee wa kuchonga. Nilisalimia "mbukwenyi" kwa lafudhi iliyowafanya wacheke, nikaona niongeze shikamoo ili nisipotee. Kiongozi wao, ambaye wote walimwita Bibi nami nikamwita hivyo, aliniuliza jambo moja tu kabla ya mengine yote: "Hizo ngoma zitapigwa na nani?" Nikasema wanafunzi, wa kike na wa kiume. Akanyamaza, akamtazama fundi. "Wa kiume watafundishwa kupika chai," akasema, na ukumbi wa chini ya mti ukavunjika mbavu. Baadaye alikubali wapige darasani. Mbele ya watu, alisema, wasichana watangulie. Nilikubali, na ndivyo tunavyofanya.

Fundi alinipa maelezo ambayo sijawahi kuyakuta kwenye kitabu chochote nilichosoma. Nilipima kwa futi kamba: urefu, upana wa mdomo, unene wa ukingo. Gogo liwe moja, lisiunganishwe. Ngozi ivutwe ikiwa mbichi, ikaukie juu ya ngoma. Mti gani, aliniambia, ila akaniomba nisiutangaze maana watu wameanza kuumaliza. Nikaandika "mti mgumu uliokauka vizuri kivulini". Ofisa ugavi alinipigia simu nikiwa bado kule: ngozi ya mnyama gani? Swali zuri kuliko nilivyodhani, kwa sababu ngoma nyingine ndogo huwambwa ngozi ya kenge, na kenge ni mnyamapori, ngozi yake inataka kibali. Tukaandika mbuzi.

Kikundi kilikuwa kimeshasajiliwa halmashauri kwa ajili ya mikopo ya vikundi, kina akaunti na katiba yenye madoa ya mafuta ya taa. Kilichobaki ni TIN, namba ya mlipakodi, na kuingizwa kwenye mfumo. TIN haina malipo, inataka namba ya NIDA, na mjukuu wa Bibi mwenye simu nzuri alimaliza mengine kwa siku mbili, moja ikiwa ya kutafuta mtandao juu ya kilima. Bei yao ilikuwa laki moja na nusu kwa ngoma. Yule wa twiga alitutoza laki mbili na themanini.

Ngoma zilifika mwezi wa tano, zimefungwa magunia, kwenye buti ya basi. Malipo yalitoka siku tatu kabla ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30, na siku hizo tatu nilikonda.

Nikataka pia Bibi aje kufundisha wiki moja. Hapo kikao kilikuwa kirefu. Mwenzetu mmoja aliuliza aitwe nani kwenye barua, maana hana shahada, na mhadhiri mwalikwa lazima awe nayo. Nikawakumbusha Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefundishwa ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na baba yake huko huko Ugogo kabla ya kuwa mwalimu kwenye Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kwamba chuo kile kilipoanza 1981 kiliwachukua wasanii wa vikundi vya taifa, watu waliofundishwa na jukwaa. Hoja haikushinda moja kwa moja. Kilichoshinda ni mwanasheria wa chuo kusema tumwite "mtaalamu wa vitendo", neno ambalo halina masharti kwa sababu halikuwepo. Nikachukua masurufu, yaani fedha za kutumia na kuzitolea hesabu, ya nauli, chakula na posho yake, nikayarejesha kwa risiti ndani ya wiki mbili. Ukitaka kuaminiwa mara ya pili, rejesha masurufu mapema.

Kulikuwa na vita nyingine ndogo ya kuitwa kutumbuiza. Mgeni akija Jumanne, Jumatatu jioni unapigiwa simu: leta vijana kumi. Niliandaa fomu: taarifa siku kumi na nne kabla, gari na chakula kwa gharama ya mwenye mgeni, hakuna maonesho wiki za mitihani. Kwenye kikao cha ndaki mtu akasema, "Lakini vijana wenu si wanapenda kucheza?" Nikajibu kwamba hata wa uhasibu wanapenda hesabu, mbona hatuwaiti kufunga vitabu vya chuo bure. Mhasibu alicheka mpaka akakohoa. Fomu ikapita.

Halafu moto. Ngoma ya ngozi hulegea asubuhi yenye unyevu, inataka joto ijikaze. Vijana waliwasha maboksi nyuma ya ukumbi, askari wa chuo akaja na ndoo ya maji, akazima moto na kulowanisha ngoma mbili. Alikuwa anatimiza wajibu. Sasa tuna barua ya kibali, karai la mkaa, ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto, na askari yuleyule huja kuota mikono.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni namba za mali. Kila kifaa kinachoingia stoo lazima kiandikwe namba, na mtunza stoo, kijana mwenye bidii, alichukua rangi nyeupe ya mafuta akaziandika mahali panapoonekana zaidi. Juu ya ngozi, katikati. Alikuwa amefikia ya tatu nilipoingia.

Bibi alifika wiki iliyofuata. Alipiga ngoma ya kwanza mara moja, akaishusha. "Mwanangu, hii wameipaka nini usoni?" Nikamweleza serikali inataka namba. Hakusema kitu. Aliomba kipande cha chupa, akakaa kizingitini, akaikwangua rangi taratibu kutwa nzima, akiinua ngoma sikioni kila baada ya muda na kuigonga kwa kucha. Kisha akaomba msumari na moto, akamwita mtunza stoo, akamwonesha pa kuchoma namba: chini kabisa, kwenye mguu, upande wa ndani.

Mkaguzi wa ndani alipokuja Agosti na daftari lake, ilibidi apige magoti kuzisoma.